"Every After" ni Kosa la Nani?

Twaanza na kicheko, nacho si kicheko cha furaha. Katika darasa moja, ambalo hatulitaji jina wala mahali pake, mwalimu aliwauliza watoto kwa Kiingereza: "How often do you water the cabbages?" Maana yake, mwamwagilia kabichi mara ngapi. Kijana mmoja wa kando ya dirisha akasimama, akajibu bila kusita: "We water them every after two days." Mwalimu akaangua kicheko, na darasa zima likacheka pamoja naye, hata wale wasiojua wachekalo. Kisha akaandika ubaoni "every two days", akapiga mstari chini yake mara mbili, na kijana akaamriwa asimame juu ya benchi mpaka kipindi kiishe. Alipouliza amekosa wapi, akajibiwa, "Hicho chako ni Kiswahili, si Kiingereza." Hakuambiwa neno jingine. Sisi tulikuwa mlangoni siku ile, tumekuja kwa shughuli nyingine, tukauona uso wa kijana yule, nao haujatutoka.

Twataka leo kumtetea. Wako watu wengi, walimu na wazazi, wasemao kwamba watoto wetu hawawezi kueleza kwa Kiingereza safi jambo hutukia mara ngapi kwa sababu Kiswahili kimewaharibu. Ya kuwa Kiswahili ni lugha isiyojua hesabu ya siku. Na ya kuwa dawa yake ni kukifukuza kabisa, na kumvika kibao shingoni mtoto yeyote aponyokwaye na neno la nyumbani katika uwanja wa shule. Maneno hayo yote matatu twayakana. Wala hatuyakani kwa kuipenda lugha yetu tu, ingawa twaipenda. Twayakana kwa sababu njia hiyo haimfikishi mtoto kwenye Kiingereza, bali humfikisha kwenye kunyamaza.

Tuitazame kwanza hiyo "every after". Kijana aliwaza "kila baada ya siku mbili", naye akatafsiri neno kwa neno. Ni kweli, Kiingereza cha vitabuni hakisemi hivyo. Lakini nani amewahi kumwuliza mtoto, au kujiuliza mwenyewe, kwa nini Kiswahili huweka "baada ya" mahali hapo? Si pambo. Mpe mama wa kijijini dawa, umwambie, "Kunywa kila saa sita." Mama mwenye akili atakuuliza: kila ifikapo saa sita ya mchana, au kila zipitapo saa sita? Kwa maana kwetu "saa sita" ni jina la saa, yaani adhuhuri, na tena ni urefu wa muda. Maneno ni yale yale. Ndipo wazee wa lugha wakaweka "baada ya", ili msikiaji ajue kwamba tunahesabu muda unaopita na si kutaja saa ya ukutani. Kiingereza hakina shida hiyo, kwa kuwa kina maneno mawili: "six o'clock" kwa saa itajwayo, na "six hours" kwa muda upitao. Basi "every six hours" yamtosha Mwingereza, na "after" ingekuwa mzigo bure. (Hiyo "six o'clock" yao nayo ni saa kumi na mbili yetu, lakini hilo tuliache lisije likatupoteza njia.)

Hayo yote yaweza kuelezwa darasani kwa muda wa dakika tano, kwa Kiswahili, na mtoto aliyeelezwa hivyo hatasahau. Hatalisahau kwa sababu amefahamu kwamba lugha yake ilikuwa na haja, na lugha ile nyingine haina. Kijana wetu alifuata kanuni iliyo sawa katika nyumba isiyo yake. Na yule asimamishwaye juu ya benchi atakumbuka benchi.

Lakini liko jambo kubwa kuliko hilo. Ewe msomaji, mwulize aliye karibu nawe: ukimwagilia kabichi Jumatatu, kisha ukamwagilia kila baada ya siku mbili, utarudi bustanini lini? Sisi tumeuliza nyumbani kwetu, tukauliza na kwa jirani. Wengine walisema Jumatano, kwa kuwa kutoka Jumatatu hata Jumatano ni siku mbili. Wengine walisema Alhamisi, kwa kuwa siku mbili, Jumanne na Jumatano, sharti zipite kwanza. Kila upande ulishangaa kwamba upande wa pili upo. Sasa Mwingereza asemapo "every two days", maana yake ni Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Ndiyo hiyo hiyo "every second day", na ndiyo hiyo hiyo "every other day". Akitaka siku mbili zikae bure katikati, husema "every three days" au "every third day". Hapo hesabu yake hukwenda Jumatatu, Alhamisi, Jumapili.

Basi baada ya kipindi tulimngoja kijana nje, tukamwuliza: "Mwanangu, mlimwagilia Jumatatu, kisha lini?" Akasema, "Alhamisi, mwalimu."

Mwaona basi! Kwa hesabu ya bustani yake, Kiingereza kilichompasa ni "every three days". Mwalimu aliyemcheka alimsahihisha kwa maneno yaliyo safi kwa sarufi na ya uongo kwa kabichi. Kama angeuliza swali moja tu la Kiswahili, angalijua. Hakuuliza, kwa sababu alidhani kwamba kosa la mtoto li katika neno "after" tu, kumbe kazi kubwa ilikuwa katika siku zenyewe. Wala hatumshutumu kana kwamba sisi ni wajuzi. Sisi nasi tulifundisha miaka mingi kwa kufuta "after" ubaoni na kuendelea mbele, tukijiona tumemaliza kazi.

Je, machafuko haya ya kuhesabu siku ni aibu ya Kiswahili peke yake? Hasha. Kila Mkristo ajua kwamba Bwana wetu alisulibiwa Ijumaa, akafufuka Jumapili, nayo yaitwa siku ya tatu. Hesabu hiyo huanza na Ijumaa yenyewe kuwa siku ya kwanza. Mtu wa hesabu ya leo angehesabu Jumamosi moja, Jumapili mbili, akashangaa ile ya tatu imetoka wapi. Watu wa zamani, Wayahudi na Warumi, walikuwa na desturi ya kuhesabu siku ya kuanzia pamoja na siku ya kumalizia. Na desturi hiyo iliwaponza Warumi wenyewe katika jambo kubwa kuliko kabichi.

Julius Caesar alipoitengeneza kalenda mwaka 45 kabla ya Kristo, aliagiza kwamba siku moja iongezwe kila mwaka wa nne, ili kalenda ifuatane na jua. Mwaka uliofuata akauawa. Makuhani wa Rumi, waliokuwa na kazi ya kuitunza kalenda, wakahesabu kwa desturi yao, mwaka wa kuanzia ukiwamo, nao wakawa wakiongeza siku kila baada ya miaka mitatu. Kwa muda wa miaka 36 wakaongeza siku 12, na ilipasa ziwe 9. Ikambidi Kaisari Augusto, ndiye yule wa sura ya pili ya Luka, kuagiza kwamba miaka kadha ipite bila siku ya nyongeza hata kalenda irudi mahali pake. Hao hawakuwa watoto wa shule. Walikuwa wakuu wa dola, wenye Kilatini cha kunyonya kwa mama zao, nao wakapotea katika maneno "kila mwaka wa nne". Hakuna aliyewavika kibao.

Na waganga wa Ulaya walirithi hesabu ile ile. Homa ya malaria irudiayo kila zipitapo saa 48, yaani leo ndiyo, kesho siyo, kesho kutwa ndiyo, wao huiita kwa jina la Kilatini lenye maana ya homa ya siku ya tatu. Ile irudiayo kila zipitapo saa 72 huitwa homa ya siku ya nne. Mwingereza wa kawaida huisema ya kwanza "every other day" na ya pili "every three days". Basi chumba kimoja cha mgonjwa kina hesabu mbili, na daktari sharti azijue zote.

Tena Waingereza na Wamarekani wa leo, katika lugha yao wenyewe, wamelala salama? Chukua neno "biweekly". Kamusi zao zakiri kwamba lina maana mbili: mara mbili kwa juma moja, na mara moja kwa majuma mawili. Gazeti lililo "biweekly" laweza kukujia mara nane kwa mwezi au mara mbili tu. Neno "bimonthly" ni vivyo hivyo. Wenye busara miongoni mwao huliepuka wakasema "twice a week" au "every two weeks", na Mwingereza husema "once a fortnight". Hilo "fortnight" ni "usiku kumi na nne" uliofupishwa, kwa kuwa mababu zao walihesabu kwa usiku kama sisi tusemavyo "kulala siku tatu" tukihesabu malazi ya safarini.

Katika hospitali za Marekani madaktari walikuwa wakiandika kwa herufi za Kilatini "QD" wakitaka kusema kila siku, na "QOD" wakitaka kusema siku moja ndiyo, siku moja siyo. Herufi hizo zikadhaniwa hivi na vile, mgonjwa akapewa dawa maradufu au nusu. Mwaka 2004 chombo kinachozikagua hospitali za huko kikaziweka herufi hizo katika orodha ya maandishi yaliyokatazwa, kikaamuru maneno yaandikwe kwa urefu: "daily", "every other day". Iko tena dawa iitwayo methotrexate, ambayo wenye ugonjwa wa baridi yabisi huimeza mara moja tu kwa juma. Wako waliokufa kwa kuimeza kila siku, kwa kuwa mahali fulani katika njia, kwa daktari au kwa muuza dawa au nyumbani, neno "juma" lilisikiwa kuwa "siku". Hata mwaka 2019 shirika la Ulaya lisimamialo dawa lilitoa masharti mapya kwa ajili ya kosa hilo hilo. Twayataja haya ili mtu asidhani kwamba tunapigania nukta na herufi. Neno la mara ngapi laweza kumwua mtu.

Na kwetu je? Karatasi ya dawa huandikwa "1 x 3", nasi husema "kutwa mara tatu". Msemo mzuri, lakini "kutwa" kwa asili yake ni mchana, tangu kucha hata kuchwa. Ndiyo maana husemwa "kutwa kucha" mtu akitaka kuingiza na usiku. Dawa iliyokusudiwa kumezwa kila zipitapo saa nane, ikisemwa "kutwa mara tatu", wengine huimaliza kabla ya jua kuchwa, na usiku mzima ugonjwa hubaki peke yake mwilini bila mpinzani. Dawa mseto ya malaria ina meza sita katika siku tatu, na meza ya pili hufuata ya kwanza baada ya saa nane. Asiyeelezwa hilo vizuri huihesabu apendavyo. Mwuguzi wa kijijini aliyefundishwa kwa Kiingereza asome "every eight hours" na kuwaeleza wagonjwa wake kwa Kiswahili sharti awe na lugha zote mbili mkononi, zikitazamana. Huyo mwuguzi ni nani, kama si yule mtoto wa jana tuliyemkataza zisikutane?

Sasa tuje kwenye kiungo kimoja kidogo cha lugha yetu, ambacho kwa maoni yetu ndicho kiletacho makosa mengi kuliko yote, nacho ni "hu-". Walimu wengi huwaambia watoto kwamba "hu-" ni "usually". Basi mtoto hupewa "Jua huchomoza mashariki", naye huandika "The sun usually rises in the east." Mwingereza akiisoma atauliza: na siku nyingine huchomoza wapi? Kwa maana "usually" ni aghalabu. Yaacha nafasi ya siku ambazo jambo halikuwa. "Hu-" haisemi aghalabu, wala daima, wala mara chache. Haina mtu, haina wakati, haina hesabu. Husema tu kwamba ndivyo jambo lilivyo, ndiyo tabia yake. Tukitaka hesabu, twaiongeza wenyewe: daima huja, aghalabu huja, mara nyingi huja, kwa nadra huja. Na Kiingereza kina kitu kilicho sawasawa na "hu-" yetu, nacho ni kitenzi kitupu cha wakati uliopo: "The sun rises." "Mother gets up at dawn." Hakuna cha kuongeza. Mtoto akifahamu kwamba kitenzi kile kitupu, asichokiona kuwa na kitu, ndicho "hu-" yake, amepata ufunguo wa nusu ya jambo hili. Lakini ataufahamuje, ikiwa "hu-" yenyewe hairuhusiwi kuandikwa ubaoni?

Wengine wamefundishwa vibaya zaidi, ya kwamba "hu-" ni "used to", kwa kuwa mtu afanyaye jambo siku zote amelizoea. Kijana mmoja wa usharika wetu, mtu wa sala tangu utoto wake, aliandika barua kuomba kazi mahali fulani pa kazi ya Kanisa. Barua ilikuwa na mwandiko mzuri. Ndani yake aliandika: "I used to pray every morning and I used to go to church every Sunday." Alitaka kusema kwamba husali kila asubuhi, na huenda kanisani kila Jumapili. Lakini Kiingereza hicho husema kwamba alikuwa akifanya hivyo zamani, na sasa ameacha. Akajibiwa kwa upole, tena na mtu aliyemhurumia kweli, akiulizwa ni jambo gani lililomfanya aiache imani, na kama yuko mchungaji karibu naye wa kumrudisha. Alituletea barua ile mkononi. Hakuwa na hasira, alikuwa ameduwaa, akisema, "Mwalimu, nimewaambia nasali, nao waniuliza kwa nini sisali." Tukamwandikia upya, "I pray every morning," maneno manne tu. Nafasi ilikuwa imekwisha kupewa mwingine. Hatusemi aliikosa kwa sababu ya neno hilo, hatujui. Lakini kijana yule alikuwa amesoma Kiingereza kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote hakupata mwalimu wa kumwekea "husali" na "alikuwa akisali" upande kwa upande, na Kiingereza cha kila moja mbele yake.

Yako makosa mengine madogo, tutayapita upesi. "Haji kamwe" yetu ina kukana kuwili, katika kitenzi na katika "kamwe". "Never" hukana peke yake, basi "He never comes", wala si "He does not never come." Neno "hardly" si "kwa bidii", asemaye "I hardly work" katika barua ya kuomba kazi amekiri kwamba ni mvivu. "Njoo mara moja" yaweza kuwa ya upesi au ya hesabu, na Kiingereza huyatenga: "at once" ni upesi, "once" ni hesabu. Neno "pengine" wazee walilitumia kwa maana ya mara nyingine, na leo wengi hulisema kwa maana ya labda, kwa hiyo mtoto mmoja ataandika "sometimes" na mwenzake "perhaps", na wote wawili wana haki. Na mahali pa maneno haya katika Kiingereza pana kanuni: "always" na wenziwe hutangulia kitenzi, "She always sings," lakini hufuata "is", "She is always happy." Kwetu neno kama hilo laweza kukaa mwanzoni au mwishoni kama mgeni aliyeambiwa achague kiti.

Hapo pana jambo moja litupendezalo. Vitabu vya shule husema kwamba "always" haikai na kitenzi chenye "-ing". Mwingereza mwenyewe husema kila siku, "He is always borrowing my hoe." Huko si kukosa, ni kunung'unika. Maana yake ndiyo ile yetu, "Yule kazi yake kuazima jembe langu tu." Tulipowaeleza watoto hayo kwa Kiswahili, walicheka kicheko chema, na kila mmoja akawa na jirani wa kumsema.

Kuna tena "twice a day". Mtoto mmoja alituuliza ile "a" yafanya nini pale, kwa kuwa alifundishwa kwamba "a" ni kitu kimoja. Mwalimu mwingine angalimwambia akariri. Kumbe swali lake ni la mtaalamu. "A" ile hapo zamani ilikuwa "on", neno la mahali na wakati, likachakaa midomoni mwa watu hata likafanana na "a" ya kitu kimoja. Basi ni "kwa siku" kabisa, kama yetu. Mtoto aliyeandika "two times in a day" hakuwa mbali na mababu wa Waingereza, ingawa leo husemwa "twice a day".

Tunajua tutakavyojibiwa. Mmoja atasema: mtoto wa Mwingereza haelezwi lolote, husikia tu akaseme, na wetu wasikie tu. Twajibu kwamba mtoto yule husikia tangu anapoamka hata anapolala, kwa mama, kwa baba, kwa wenzake. Wetu katika Tanzania husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, na Kiingereza kwake ni kipindi. Kisha siku moja huingia sekondari na kuikuta hesabu, elimu ya viumbe na jiografia zote zimevaa Kiingereza. Hana miaka ya kungoja kusikia. Anayo lugha moja aijuayo sana, nayo ndiyo taa yake ya kuingilia chumba hicho. Nanyi mwataka kuizima mlangoni.

Mwingine atasema kinyume chake: mbona Uganda "every after" husemwa hata na wasomi wakubwa, magazetini na maofisini? Basi iacheni, ni Kiingereza chetu. Hoja hii twaiheshimu kuliko ile ya kwanza, maana haina dharau ndani yake. Ni kweli Uganda husemwa sana, na wenye kuchunguza lugha wameiandika kuwa alama ya Kiingereza cha huko. Wakielewana wao kwa wao, sisi ni nani wa kuwakataza? Ila mtoto wetu aandikapo barua kwenda mbali, au asomapo cheti cha dawa kilichotoka mbali, itampasa ajue kwamba yule wa upande wa pili hana "after" hiyo, na ajue kuitoa, na akiitoa ajue kama zabaki siku mbili au tatu. Akishajua hayo, nyumbani na aseme apendavyo.

Na mzazi atatuambia, "Mimi natoa ada ili mwanangu aseme Kiingereza, ninyi mwamrudishia Kiswahili nilichompa bure." Baba, ulichompa bure ndicho cha thamani. Petro alipomwuliza Bwana amsamehe ndugu yake mara ngapi, na Danieli alipopiga magoti mara tatu kila siku, na Paulo alipohesabu mapigo yake na kuvunjikiwa kwake na merikebu, mwanao aliyasikia hayo kwa Kiswahili akayafahamu kabla hajajua "how often" ni nini. Maana tayari imo ndani yake. Kilichobaki ni kumwonyesha Waingereza huivika nguo gani.

Sisi tumeanza kufanya hivi. Jumatatu twatundika kalenda ya mwezi ukutani, ile kubwa ya picha, na kila mtoto ana punje za mahindi. Twasema jambo la nyumbani: kufua, kuchota maji, kwenda gulioni, mazoezi ya kwaya. Mtoto huweka punje juu ya siku zake kwanza, bila kusema neno. Kisha husema kwa Kiswahili, na wenzake humbishia kama punje na maneno havipatani. Mabishano hayo ya Jumatano na Alhamisi yamekuwa makali mpaka mwalimu wa darasa la pili alikuja kuuliza kuna nini. Baada ya hayo ndipo Kiingereza huandikwa, na mtoto huhesabu tena punje kuona kama kimesema kweli. Kazi ni ya polepole. Majuma mawili ya kwanza tulipata sentensi saba tu. Lakini "every after" imepungua bila mtu kusimamishwa juu ya benchi, na iliyobaki twaijua maana yake.

Kibao cha shingoni bado kimo katika shule nyingi, na kamati za wazazi ndizo zikidaizo zaidi. Twawaomba walimu wenzetu waonao kwamba tumepotoka waandike katika kurasa hizi, kwa lugha yoyote kati ya hizi mbili. Na wanapotuambia kwamba kibao kimewasaidia watoto wao mara nyingi, watutajie na siku.